Pambano Lisilo na Mshindi

Ndugu msomaji, kuna hukumu nyengine mtu huzisikia akazisahau kabla jua halijatua, na kuna nyengine hubaki zikizungumzwa miaka na miaka, kwa sababu kila anayezitazama hajui sawasawa ni nani aliyedhulumiwa. Hukumu tunayotaka kuizungumza hapa ni ya namna hii ya pili. Haikutolewa mahakamani, wala haikuhusu mirathi wala mpaka wa shamba. Ilitolewa katika hoteli moja mjini Moscow, siku ya Ijumaa tarehe 15 Februari 1985, na ilihusu mchezo wa sataranji. Utasema: kumbe ni mchezo tu? Ngoja kwanza ukisikie kisa chenyewe, kisha utajua mwenyewe kama ni mchezo tu.

Na mchezo huu si mgeni kwetu. Uliondoka Bara Hindi ukaingia Uajemi, na Waarabu walipoifungua Uajemi wakauchukua, wakaueneza mpaka Andalusi, na huko ndiko Wazungu wengi walikoupatia. Jina hili la sataranji ni lile lile shatranji la Kiarabu. Na Warusi, ambao tutawataja sana hapa, mpaka leo huuita shakhmaty, yaani "shah mat", maneno yanayosemwa mfalme anapokwama akawa hana pa kwenda. Kete ambayo Waingereza wameigeuza kuwa malkia, Warusi bado wanaiita ferz, na hiyo ni firzan, waziri wa mfalme. Na ile ambayo Waingereza wameifanya askofu, kwa Warusi ni ndovu, kama alivyokuwa ndovu, al-fil, katika mabaraza ya Baghdad.

Huko Baghdad, zama za Khalifa al-Muktafi, mwanzoni mwa karne ya kumi ya miladi, alikuwako Abu Bakr as-Suli, mtu wa adabu na tarikh, ambaye kwa sataranji hakuwa na mfano wake. Aliacha fumbo moja la kete chache tu juu ya ubao, likakaa karibu ya miaka elfu bila ya mtu kulitegua, mpaka akatokea bingwa mmoja wa Kirusi, Yuri Averbakh, akalitegua katika miaka ya 1980, zama zile zile za kisa chetu hiki.

Maulamaa wetu wamekhitalifiana juu ya mchezo huu, na wengi katika madhehebu nyengine wameukataza. Kwa Imam Shafi, ambaye watu wengi wa mwambao wetu wanaifuata madhehebu yake, umehisabiwa kuwa ni makuruhi, nao kwa masharti: usiingie kamari, usimtie mtu katika maneno machafu, na usimpitishe wakati wa Sala. Hatukusudii kuufungua mjadala huo leo. Lakini sharti hilo la wakati liweke akilini, kwa sababu kisa chetu ni cha mchezo ambao wenyewe waliutungia sheria wakasahau kuutia mwisho.

Anayecheza bao au dhumna barazani amezoea kwamba mchezo ukimalizika yuko aliyeshinda na yuko aliyeshindwa. Sataranji ya mabingwa haiko hivyo. Wawili wakilingana ujuzi, kete hupungua juu ya ubao, hapana anayeweza kumfunga mwenzake, wakapeana mikono wakatoka sare. Kwa miaka mingi ubingwa wa dunia ulichezwa kwa michezo 24: mshindi wa mchezo alipata pointi moja, na waliotoka sare waligawana nusu kwa nusu. Pointi zikilingana 12 kwa 12, bingwa alibaki na taji lake. Mikhail Botvinnik, Mrusi, alinusurika namna hiyo mara mbili, mwaka 1951 na mwaka 1954. Watu wakanung'unika. Walisema kuwa aliyetangulia kwa ushindi mmoja au miwili hana haja tena ya kupigana. Hukaa akijikinga, akikusanya sare moja baada ya moja mpaka hesabu ya michezo ikamalizika.

Aliyenung'unika kupita wote alikuwa Mmarekani Bobby Fischer, aliyeutwaa ubingwa mwaka 1972. Yeye alitaka sare zisihisabiwe kabisa, michezo isiwe na idadi, na bingwa awe ni yule atakayefikisha ushindi kumi. Akaongeza na sharti jengine, kwamba wakifika tisa kwa tisa, ubingwa ubaki kwa mwenyewe. Shirikisho la Sataranji la Dunia, linalojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, FIDE, lilimkubalia mengine, hili la mwisho likamkatalia. Fischer akasusa. Mwezi wa Aprili 1975 taji akapewa Anatoly Karpov wa Urusi ya Kisovieti, bila ya kusogeza kete hata moja mbele ya bingwa aliyeondoka.

Fischer akaenda zake, lakini fikra yake ikabaki. Kuanzia pambano la mwaka 1978 sheria ikawa kwamba sare hazihisabiwi, idadi ya michezo haina ukomo, na wa mwanzo kufikisha ushindi sita ndiye bingwa wa dunia. Sheria ya ushindi sita ilikuwa na asili yake. Mwaka 1927 mjini Buenos Aires, Alexander Alekhine alimvua ubingwa José Raúl Capablanca kwa ushindi sita kwa tatu, na sare 25 katikati yake, jumla michezo 34. Kwa hivyo waliotunga sheria mpya walikuwa na mfano mbele yao. Waliona kwamba pambano la namna hii huweza kurefuka, lakini pia huja likamalizika.

Pambano la 1978 lenyewe lilikuwa onyo, lau mtu angelitaka kuonyeka. Lilichezwa Baguio, mji wa milimani katika Ufilipino, baina ya Karpov na Viktor Korchnoi, Mrusi aliyekimbilia Ulaya ya magharibi. Karpov alifika tano kwa mbili, akabakisha ushindi mmoja tu. Hapo ndipo nguvu zilipomwisha. Korchnoi akamshinda mara tatu katika michezo minne, ikawa tano kwa tano, na dunia nzima ya sataranji ikashika pumzi. Karpov alijikusanya akaushinda mchezo wa 32, akabaki bingwa. Yaani mtu huyu hodari kupita wote wa zama zake alikuwa na aibu moja iliyokwisha kujulikana: pambano likirefuka, mwili wake ulimwangusha. Na aliyeliandaa pambano lile la Baguio alikuwa Mfilipino, Florencio Campomanes. Jina hilo lishike, kwani mwaka 1982 ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa FIDE.

Sasa tuwatazame wachezaji wenyewe. Karpov alizaliwa mwaka 1951 katika Zlatoust, mji wa viwanda kwenye milima ya Ural. Alikuwa mwembamba, na mchezo wake ulikuwa wa kubana. Hakurukii. Hukukaza kidogo kidogo, mlango huu akaufunga, dirisha lile akalifunga, mpaka ukatafuta pumzi usiipate. Dola ya Kisovieti ilimpenda na kumtukuza, maana aliurudisha ubingwa nyumbani baada ya Mmarekani kuuchukua.

Garry Kasparov alizaliwa mwaka 1963 Baku, mji wa mafuta ukingoni mwa Bahari ya Kaspi, katika Azerbaijan, nchi ya Waislamu iliyokuwa wakati huo chini ya Moscow. Yeye hakuwa Muislamu. Baba yake alikuwa Myahudi na mama yake Muarmenia. Baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka saba, na mama, Klara, ndiye aliyemlea na kufuatana naye katika kila safari ya mchezo. Mchezo wa kijana huyu ulikuwa moto mtupu. Akipata upenyo anashambulia, na asipoupata huutengeneza kwa kutoa sadaka kete zake mwenyewe. Ajabu ni kwamba wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walipita mikononi mwa mwalimu mmoja, yule yule Botvinnik tuliyemtaja.

Tarehe 10 Septemba 1984 wakakaa mbele ya ubao, bingwa ana miaka 33 na mpinzani 21, katika Ukumbi wa Nguzo mjini Moscow. Ukumbi huo ulikuwa wa makabaila wa zamani, una mataa makubwa na nguzo nyeupe, na ndimo alimolazwa Lenin, na baadaye Stalin, watu wakapita kuwaaga. Walicheza siku tatu katika wiki. Kila mmoja alikuwa na saa mbili na nusu za kuchezea kete zake mara 40 za mwanzo. Mchezo ukiwa haukwisha, mmoja huandika atakavyocheza, karatasi ikatiwa katika bahasha, bahasha ikafungwa mbele ya mwamuzi, wakaja kuendelea siku nyengine. Mwamuzi mkuu alikuwa Svetozar Gligorić wa Yugoslavia, naye ni mchezaji mkubwa wa zama zake.

Kijana akaingia kwa pupa. Alishambulia pasipokuwa na pa kushambulia, na Karpov alikuwa akimngojea. Bingwa akaushinda mchezo wa tatu, wa sita, wa saba na wa tisa. Mwezi haujatimia, ikawa nne bila. Waandishi wa magazeti wakaanza kutayarisha khabari za kumzika Kasparov, wakahisabu labda wiki mbili, labda tatu.

Hapo, ndugu msomaji, likatokea jambo ambalo kwa maoni yetu lina faida zaidi kulijua kuliko ile hukumu yenyewe. Kijana yule mwenye moto aliuzima moto wake. Aliacha kushambulia. Akakaa kujikinga, akawa anacheza ule mchezo wa kubana wa Karpov mwenyewe, mbele ya Karpov mwenyewe. Sare. Sare tena. Kuanzia mchezo wa 10 mpaka wa 26 zikatoka sare 17 mfululizo. Wenye kutazama wakachoka, wengine wakacheka, wakasema huu si mchezo ni usingizi. Lakini Kasparov alikuwa anasoma. Kila siku alikaa saa nyingi mbele ya mtu anayejua kupita wote duniani, na hapana mwanafunzi aliyewahi kupata skuli kama ile.

Na bingwa je, kwa nini hakummaliza? Wengi waliokuwako wanasema kwamba Karpov alitaka sita bila. Hakutaka kushinda tu. Alitaka ushindi usio na doa, utakaomvunja kijana moyo asisimame tena. Kwa hivyo hakujitia katika khatari yoyote, akangojea mwenzake akosee. Tarehe 24 Novemba Kasparov alikosea, mchezo wa 27 ukaenda kwa Karpov, ikawa tano bila. Amebakisha mmoja. Ushindi mmoja, ndugu yangu, katika michezo isiyo na idadi! Barazani kwetu watu wangelikwisha kuinuka na kukunja jamvi.

Mchezo wa 31 Karpov alikuwa na nafasi nzuri, akauacha uende sare. Tarehe 12 Disemba, katika mchezo wa 32, Kasparov akapata ushindi wake wa kwanza. Tano kwa moja. Kisha zikafuata sare nyengine 14. Katika mchezo wa 41 njia ya kushinda ilikuwa wazi mbele ya bingwa, hakuiona. Mtu mwenye uwezo wa kuona miendo kumi mbele hakuona kilichokuwa mbele ya pua yake. Huo ni uchovu. Baridi ya Moscow ilikuwa imeshika, mwaka mpya ukaingia, na Karpov ambaye tangu hapo hakuwa na mwili akazidi kukonda. Ilisemwa kwamba alipungua kilo kumi. Kasparov, kwa umri wake, alionekana kama aliyeanza jana.

Tarehe 30 Januari 1985 Kasparov akaushinda mchezo wa 47. Pambano likahamishwa kutoka Ukumbi wa Nguzo likapelekwa Hoteli Sport, na huko, mapema mwezi wa Februari, akaushinda na mchezo wa 48. Tano kwa tatu. Mara mbili mfululizo bingwa ameanguka, na kila mtu akaikumbuka Baguio.

Baada ya hapo ubao haukuwekwa tena. Siku zikapita, khabari zikawa za minong'ono. Campomanes alikuwa amefika Moscow, na mashauri yalikuwa yakifanywa ndani. Siku ya Ijumaa ile, tarehe 15, waandishi wa khabari kutoka nchi mbali mbali wakaitwa Hoteli Sport, na rais wa FIDE akawatangazia kwamba pambano limekwisha bila ya uamuzi. Sababu aliyoitoa ni kuwa limewamaliza nguvu wote wanaohusika nalo, wachezaji na wasimamizi. Litachezwa pambano jipya mwezi wa Septemba, litaanza sifuri kwa sifuri; na lilipokuja kuchezwa likatiwa ukomo, michezo 24.

Sasa sikiliza vizuri. Katika mkutano ule ule, mbele ya watu wote, Kasparov aliitwa jukwaani, akasema yeye anataka kuendelea kucheza. Karpov akafika, naye akasema yuko tayari kuendelea. Yaani wenye pambano wawili wote wamekataa hadharani kile ambacho hakimu anasema anakifanya kwa ajili yao! Ukumbi ukachafuka kwa maswali. Campomanes akaomba mapumziko ya dakika chache, akaingia faraghani pamoja na wachezaji na wakubwa wa sataranji wa Kisovieti. Dakika chache zile zikapita saa nzima na zaidi. Alipotoka alisema hukumu ni ile ile: bingwa ameikubali, na mpinzani ataifuata.

Tazama maneno hayo mawili yalivyochaguliwa, kukubali na kufuata. Mtu hufuata asichokubali.

Basi ni nani aliyedhulumiwa? Wapenzi wa Kasparov husema ni yeye. Alipokuwa amefungwa tano bila, miezi na miezi, hapana aliyeona kuwa pambano limekuwa refu wala hapana aliyezihurumia afya za watu. Aliposhinda mara mbili mfululizo, na mwenzake anakwenda chini, siku zisizozidi kumi huruma ikapatikana. Kasparov mwenyewe baadaye alisema na kuandika kwamba wakubwa walikusudia kumwokoa bingwa wao. Na kwa kuwa Campomanes na Karpov walijuana tangu Baguio, wenye ulimi mrefu waliyaunganisha majina yao wakafanya jina moja, "Karpomanes".

Lakini sisi tunaona upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa, na wanaoupuuza hawafanyi uadilifu. Karpov alikuwa na ushindi tano. Kwa sheria waliyokubaliana wote, alihitaji mmoja tu, na Kasparov alihitaji mitatu, na kabla ya kuipata ilimpasa asifungwe hata mara moja. Huenda angelifanikiwa, huenda asingelifanikiwa; mwaka 1978 Korchnoi aliyafika hayo hayo, akaifikia tano kwa tano, na bado akashindwa. Hukumu ya Campomanes ilifuta ushindi wa Karpov ikamrudisha mwanzo sawa na mtu aliyekuwa nyuma yake. Ikiwa huko ni kuokolewa, basi kumemgharimu sana aliyeokolewa. Karpov naye amelalamika kwamba yeye ndiye aliyepata khasara.

Na Campomanes? Tusimhukumu kwa dhana. Alikuwa na mzigo mkubwa. Miezi mitano imepita, michezo 48, sare 40 kati yake, ukumbi umehamwa, na hapana anayejua kama mwisho utakuwa kesho au mwakani. Wako watu wenye akili waliosema wakati ule kwamba mtu mwengine katika kiti chake angelifanya vivyo hivyo.

Maoni yetu ni kwamba kosa la kwanza lilifanywa miaka mingi kabla ya siku ile, na walilifanya waliotunga sheria. Walikimbia tatizo la sare za mwisho wa michezo 24, wakaingia katika tatizo kubwa zaidi, kwa kutunga mashindano yasiyo na mwisho kwa viumbe wenye mwisho. Fischer alidai ukomo uondolewe kwa kuwa alidhani mpiganaji hodari hawezi kukosa ushindi muda mrefu. Hakumhisabu mtu aliyefungwa tano bila ambaye hana tena cha kupoteza, amekaa anajikinga kama aliyejifungia ngomeni, na mbele yake mtu ambaye ana khofu ya kuharibu hesabu yake nzuri. Wawili hao wangeliweza kutoka sare mpaka masika.

Lakini sheria ikishatungwa, watu wakaikubali na wakaanza kuchezea kwayo, hapo kosa lake si hoja ya kuivunja katikati. Sheria yao ilisema ushindi sita. Haikusema miezi mitano, wala haikusema mpaka mmoja akonde. Hakimu anayeona sheria ni mbovu huingojea kesi iishe, kisha akataka ibadilishwe kwa wajao. Akiibadilisha wakati mizani imeanza kuinamia upande mmoja, hata awe na nia safi kama theluji ya Moscow, hatapata mtu wa kumwamini. Wanachuoni wetu walioandika juu ya adabu za kadhi walilijua jambo hili vizuri sana. Ndiyo maana wakamtaka kadhi akae mahali wazi, wala asikae faraghani na mmoja wa wanaogombana, kwa kuwa haki inataka pia ionekane na walioshindwa. Campomanes aliingia chumbani mbele ya macho ya waandishi wa dunia nzima, mlango ukafungwa, na yaliyosemwa mle ndani kila mmoja aliyekuwamo ameyasimulia kwa namna yake mpaka leo.

Na kama ni huruma, ilikuwako njia. Angeliweza kuwapa mapumziko ya mwezi mmoja au miwili kisha wakaendelea pale pale, tano kwa tatu. Hapo mchovu angelipumzika na aliyekusanya ushindi asingelipokonywa. Wachezaji wangelikuwa na la kunung'unikia, lakini ushindi wa kila mmoja ungelibaki mkononi mwake.

Pambano jipya lilianza Moscow mwezi wa Septemba 1985, katika Ukumbi wa Tchaikovsky. Kasparov aliyekaa mbele ya ubao safari hii hakuwa tena yule kijana wa pupa. Zile sare 40 zilikuwa zimekwisha kumsomesha. Lilikwenda mpaka siku ya mwisho. Kabla ya mchezo wa 24 Kasparov alikuwa mbele pointi 12 kwa 11, na Karpov akishinda mchezo huo wangelikuwa sawa na ubingwa ungelibaki kwake. Karpov alikuwa na kete nyeupe, ikambidi ashambulie, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Kasparov akashinda. Tarehe 9 Novemba 1985, akiwa na miaka 22, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliowahi kuushika ubingwa wa dunia, na rikodi yake haikuvunjwa mpaka kijana wa Kihindi, Gukesh, alipoutwaa ubingwa mwezi wa Disemba 2024 akiwa na miaka 18.

Unadhani ugomvi ulikwisha hapo? Haukwisha. Mashaka yaliyotiwa ndani ya chumba kile cha Hoteli Sport yaliota mizizi. Kasparov hakuiamini tena FIDE, na mwaka 1993 alijitenga nayo, yeye na Muingereza Nigel Short, wakacheza ubingwa wao mbali. Ikawa sataranji ina mabingwa wa dunia wawili, kila upande unamwita wa kwake ndiye wa kweli, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 2006 zilipounganishwa tena. Hatusemi yote hayo yalizaliwa na hukumu moja ya mwaka 1985, yalikuwamo na mambo ya fedha na ya cheo. Lakini mtu aliyekwisha kuona mlango ukifungwa mara moja huwa mwepesi wa kuondoka.

Baina ya mwaka 1984 na mwaka 1990 Karpov na Kasparov walikutana kuugombania ubingwa mara tano, jumla michezo 144. Kasparov alishinda 21, Karpov 19, na zilizobaki 104 zilikuwa sare. Ukiondoa lile pambano la kwanza, yote yalimalizika na bingwa wake akaandikwa. La kwanza lina michezo 48 iliyoandikwa yote, kete kwa kete, na mahali pa kuandika mshindi ni patupu. Hapana pambano jengine la ubingwa wa dunia katika tarikh ya mchezo huu lililokwisha hivyo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo si wengi wanalolijua. Kasparov alipoacha mchezo aliingia katika siasa dhidi ya watawala wa Urusi, na mwezi wa Novemba 2007 akakamatwa Moscow kwa ajili ya maandamano, akatiwa ndani siku tano. Aliyefika gerezani kutaka kumtazama alikuwa Karpov, mtu ambaye kwa siasa walikuwa mbali mbali na kwa ubao walikuwa mahasimu wa miaka ishirini na zaidi. Walinzi hawakumruhusu kuingia. Miaka mitatu baadaye, Karpov aliposimama kuugombea urais wa FIDE, kiti kile kile alichokuwa amekikalia Campomanes, Kasparov alizunguka dunia akimfanyia kampeni. Karpov hakukipata.